Kasi uliyoipima ni ya nini hasa? Kwa mnaoanza kazi ya krakingi na zeolaiti

Wadogo zangu mnaoingia maabara ya vichocheo mwaka huu, namba mtakayoitamani kuliko zote ni kasi ya mmenyuko. Na wala haichukui muda kuipata. Unajaza zeolaiti kidogo, ile fuwele ya silikoni, alumini na oksijeni iliyojaa vitundu vidogo mno, kwenye bomba la kwatzi, unaishikilia kwa pamba ya kwatzi juu na chini, unapitisha naitrojeni iliyobeba mvuke wa heksani, mashine ya GC (kromatografia ya gesi, inayotenganisha na kupima mazao) inachora vilele vyake, unapiga hesabu, namba hiyo hapo. Ombi langu ni moja: usiipeleke kwa msimamizi wako kabla hujajua ni kasi ya nini. Inaweza kuwa kasi ya kemia yenyewe kwenye kituo cha asidi, pale ndani ya zeolaiti molekuli inapovunjikia. Inaweza kuwa kasi ya molekuli kujipenyeza ndani ya fuwele. Inaweza kuwa kasi ya joto kufika kwenye kichocheo, kwa sababu krakingi, yaani kuvunja molekuli kubwa kuwa ndogo, hufyonza joto. Na inaweza kuwa gesi tu imepata njia ya pembeni kwenye tabaka lililopangwa vibaya. Zote huandikwa kwa kipimo kilekile, moli kwa gramu kwa sekunde, na ukizitia kwenye jedwali hazitofautiani hata kidogo.

Kwanza mjue mambo yanavyokwenda kiwandani. Mtambo wa FCC (krakingi kwa kichocheo cha unga unaotiririka kama kimiminika) una bomba refu la kusimama, raiza, ambamo mafuta mazito yanapulizwa kama manyunyu yakutane na kichocheo cha moto kinachopanda mbio. Mwishoni mwa raiza joto ni kati ya nyuzi 500 na 550 za Selsiasi. Mafuta na kichocheo hukaa pamoja sekunde 2 hadi 4 hivi, basi. Katika muda huo molekuli zenye kaboni 20, 30, hata 40 zinatakiwa ziwe zimegeuka mvuke, zimepenya, zimevunjika, na vipande vyake vimetoka nje kabla havijavunjwavunjwa tena vikaishia kuwa gesi nyepesi na ukoko wa kaboni. Kichocheo kilichoshika ukoko kinapitishiwa mvuke wa maji ili kiachie mafuta yaliyonasa, kinaingia rijenereta, ukoko unachomwa kwenye nyuzi 700 hivi, kisha kinarudi raiza kikiwa kimebeba joto ambalo mmenyuko utalila.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mtambo wa kwanza wa FCC uliwashwa Baton Rouge, Louisiana, mwaka 1942, enzi za vichocheo ambavyo havikuwa na zeolaiti. Plank na Rosinski wa Mobil walipoleta zeolaiti kwenye krakingi mwaka 1962, ukali wake ulizidi mno ule wa silika-alumina ya zamani, na raiza, ambayo awali ilikuwa njia tu ya kupandishia, ikageuka kuwa riakta yenyewe. Kichocheo kikali kiasi hicho ndicho kilicholeta mbele swali la difyusheni, yaani molekuli kujipenyeza. Kemia ikiwa ya polepole, molekuli ina muda wa kutosha kutembea. Kemia ikiwa ya haraka, kutembea ndiko kunakochelewesha kazi.

(Kwetu huku wengi tunaijua FCC kwa kusoma. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, hakikuwa na krakingi, na kile cha TIPER, Kigamboni, vivyo hivyo. Mwenye ndugu Oman anaweza kuulizia Sohar, ambako kuna mtambo wa aina hii unaovunja hata mabaki mazito.)

Sasa tuje kwenye kosa ninaloliona kila kundi jipya linapofika. Mwanafunzi amesoma kwamba ili kuhakikisha difyusheni ya ndani haibani, abadilishe ukubwa wa punje. Basi anachukua unga wa zeolaiti, anaubana kwenye presi, anauponda kwenye kinu kidogo, anauchekecha: fungu moja la mikromita 125 hadi 250, jingine la 250 hadi 425. Anapima yote mawili, kasi zinalingana, anaandika: hakuna kizuizi cha difyusheni ya ndani. Hapo amejibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Punje zake ni madonge ya fuwele ndogondogo zilizoshikana. Kuchekecha kumebadilisha ukubwa wa donge, fuwele imebaki vilevile, ya nusu mikromita au mikromita moja, katika mafungu yote mawili. Alichothibitisha ni kwamba gesi inapita vizuri katikati ya fuwele. Kama ndani ya fuwele kwenyewe kuna foleni, mafungu yote mawili yana foleni ileile.

Kwa hiyo kabla ya lolote, weka akilini ngazi za safari. Punje ya kichocheo cha FCC ina wastani wa mikromita 70. Ndani yake kuna matriksi ya udongo wa kaolini na alumina, yenye vitundu vya nanomita kadhaa hadi makumi. Ndani ya matriksi zimetawanyika fuwele za zeolaiti Y zisizozidi sana mikromita moja. Na kila fuwele ina madirisha ya nanomita 0.74 yanayofungukia vyumba vya nanomita 1.3. Kutoka punje hadi dirisha ni tofauti ya karibu mara laki moja. Mtu akikuambia kuna difyusheni, muulize: ngazi ipi?

Hesabu ya kukupa picha ni ya Thiele, aliyoichapisha mwaka 1939. Chukua L, nusu ya unene wa fuwele. Chukua k, kigezo cha kasi ya mmenyuko wa daraja la kwanza (unaokwenda sambamba na ukolezi) kwa ujazo wa fuwele. Na D, difyusheni ndani yake. Namba ya Thiele ni L mara kipeuo cha pili cha (k gawanya kwa D). Tuweke namba za mfano: k ni 10 kwa sekunde, D ni 10⁻¹¹ mita za mraba kwa sekunde. Fuwele ya unene wa mikromita 1 ina L ya mikromita 0.5, namba ya Thiele inatoka 0.5, na ufanisi ni kama 0.92, karibu fuwele nzima inafanya kazi. Ongeza unene hadi mikromita 10, mengine yote yabaki vilevile: Thiele 5, ufanisi 0.2. Sehemu nne katika tano za zeolaiti uliyoinunua zimekaa bure. Tazama na muda: L mraba gawanya kwa D ni sekunde 0.025 kwa fuwele ndogo, na sekunde 2.5 kwa ile kubwa. Raiza nzima ina sekunde 2 hadi 4. Ifanye hesabu hii kwa mkono wako mara moja, uone L inavyouma.

Ndiyo maana kipimo ninachokiamini kuliko vingine ni kutengeneza zeolaiti ileile kwa ukubwa wa fuwele mbili, uwiano wa silikoni na alumini ukiwa mmoja, na kulinganisha kasi. Haag, Lago na Weisz wa Mobil walifanya hivyo kwa ZSM-5, zeolaiti yenye vitundu vyembamba kuliko vya Y, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwenye joto la krakingi lenyewe, na kutokana na tofauti ya kasi wakakokotoa D. Walichokiona kinafaa mkikariri. Heksani iliyonyooka ilipita bila taabu. Ndugu yake 2,2-dimethili-butani, yenye kaboni sita zilezile lakini imejaa mabega kama kitanda kinachopitishwa mlango wa chumba, ilitembea polepole zaidi kwa maelfu ya mara. Maana yake kazini: kama umepima kwa heksani na hukuona kizuizi, bado hujui lolote kuhusu molekuli yenye matawi. Molekuli ya majaribio ndiyo inayoamua jibu, na wengi tunachagua heksani kwa sababu tu ipo kwenye kabati.

Onyo juu ya njia hiyo: fuwele kubwa za ZSM-5 mara nyingi hazina alumini iliyosambaa sawasawa, inaweza kurundikana karibu na uso. Ukilinganisha fuwele ndogo na kubwa bila kukagua hilo, tofauti ya kasi unayoiita difyusheni inaweza kuwa ni mpangilio wa vituo vya asidi. Omba muda kwenye darubini ya elektroni, kata fuwele, uangalie.

Nishati amilishi, kizingiti ambacho mmenyuko lazima ukivuke, nayo ina mtego wake, na huu unawanasa hata wenye shahada mbili. Vitabu vinasema difyusheni ikibana sana, nishati unayoipima inakuwa wastani wa ile ya kemia na ile ya difyusheni: kemia 150, difyusheni 30, utapima kilojuli 90 kwa moli. Ni kweli. Kwa hiyo mtu akipima namba ndogo kuliko alivyotegemea, mara moja anatamka difyusheni. Subiri kwanza. Kabla haijavunjika, alkani (haidrokaboni za jamii ya heksani) hunata ndani ya kitundu na kutoa joto. Shinikizo likiwa dogo na vituo vingi viko wazi, unachopima ni nishati ya kweli ukitoa joto la kunata. Ndani ya ZSM-5 joto hilo huongezeka kama kilojuli 12 kwa kila kaboni inayoongezeka kwenye mnyororo. Kikundi cha Lercher kilionyesha miaka ya 1990 kwamba kutoka propani hadi heksani nishati ya kweli ya krakingi ya moja kwa moja haibadiliki sana, iko karibu na kilojuli 200, wakati ile inayopimwa inashuka hatua kwa hatua kadiri mnyororo unavyorefuka. Heksani inashuka hadi karibu na 100 bila difyusheni kuhusika kabisa. Nusu ya nishati si ushahidi wa kutosha. Unahitaji fuwele za ukubwa mbili.

Hapohapo kwenye kunata kuna jambo dogo linaloharibu hesabu nyingi. Ukiandika k gawanya kwa D, vyote viwili viwe vimetokana na ukolezi wa aina moja. Ukolezi wa heksani kwenye gesi na ukolezi wa heksani iliyonata ndani ya fuwele hutofautiana kwa kipimo cha usawa wa kunata, na kipimo hicho si kidogo. Nimeona k iliyokokotolewa kwa shinikizo la gesi ikioanishwa na D iliyotoka kwenye NMR (kipimo cha viini vya atomi ndani ya sumaku), ambayo inahusu molekuli zilizomo ndani. Namba ya Thiele inayotoka hapo haina maana yoyote, hata ikipendeza.

Na D yenyewe utaitoa wapi? Majedwali yapo, lakini yasome kwa jicho kali. Katika miaka ya 1970 Kärger na wenzake walipoanza kupima kwa NMR ya mipigo ya gradienti, namba zao zilipishana na zile za zamani, zilizopatikana kwa kupima jinsi fuwele inavyonyonya gesi, kwa kiasi cha maelfu ya mara na zaidi kwa baadhi ya zeolaiti. Sehemu ya tofauti ilitokana na joto la kunata kutotoka haraka, au gesi kuchelewa kufika kwenye fuwele. Sehemu nyingine ni uso wa fuwele wenyewe kuwa kizuizi. NMR hutazama safari fupi ndani ya fuwele. Unyonyaji hutazama safari nzima pamoja na kuvuka uso. Kwa krakingi molekuli lazima ivuke uso, mara mbili. Kingine ni joto: vipimo vingi vimefanywa chini sana ya joto la raiza, na ndani ya vitundu vya nanomita 0.5 hivi difyusheni hupanda na joto kwa namna ya Arrhenius, yaani kwa kasi ya kipeo, tofauti na ile ya Knudsen, ya gesi kwenye vitundu vipana zaidi, inayopanda taratibu kwa kipeuo cha pili cha joto. Ukivuta mstari kutoka nyuzi 100 hadi 530, kosa dogo kwenye mteremko linakuwa kubwa mwishoni.

Kwenye meza ya kazi, sampuli ya kwanza ndiyo mali. Zeolaiti Y huanza kushika ukoko tangu molekuli za kwanza zinapoigusa, na Voorhies alishaonyesha mwaka 1945 kwamba ukoko huongezeka na muda kwa kipeo kilicho karibu na nusu, yaani haraka mwanzoni, kisha polepole. Ukichoma sindano ya kwanza ya GC baada ya nusu saa, umepima kichocheo kingine. Chukua sampuli dakika ya kwanza au ya pili, kisha kadhaa baadaye, na uvute mstari kurudi sifuri. Usisahau kwamba ukoko haupunguzi vituo vya asidi tu, unaziba na midomo ya vitundu. Jaribio linaweza kuanza likiwa la kemia na kumalizika likiwa la difyusheni, na mkunjo mmoja wa kasi dhidi ya muda hautakuambia lilivuka saa ngapi.

Tazama pia vilele vyenyewe, si jumla yake. Haag na Dessau walieleza mwaka 1984 kwamba alkani inaweza kupokea protoni moja kwa moja ikavunjika, ikitoa hidrojeni, methani na ethani. Njia ya pili ni ya mnyororo: kabokatayoni (kipande chenye kaboni ya chaji chanya) iliyopo tayari inapokonya hidridi (hidrojeni yenye chaji hasi) kutoka kwa alkani nyingine, na hapo isobutani inakuwa nyingi. Gawanya methani, ethani na ethilini kwa isobutani. Uwiano ukiwa mkubwa, njia ya kwanza inatawala. Ukiwa mdogo, ya pili. Kwenye ugeuzaji mdogo, yaani sehemu ndogo tu ya malighafi ikiwa imegeuka, uwiano huo ukianza kuporomoka kwa fuwele kubwa kuliko ndogo, una fununu kwamba alkeni (mazao yenye kifungo maradufu, kama ethilini) zinachelewa kutoka na zinapata muda wa kufanya mengine ndani. Difyusheni mara nyingi huonekana kwenye mazao kabla haijaonekana kwenye kasi.

Ukihama kutoka heksani kwenda mafuta mazito ya vakyumu, usibebe hesabu zako zote. Sehemu kubwa ya molekuli hizo haziingii kwenye dirisha la nanomita 0.74 zikiwa nzima. Zinavunjwa kwanza kwenye matriksi, kwenye asidi dhaifu na vitundu vipana, na vipande ndivyo vinavyoingia zeolaiti. Ukipima unga wa zeolaiti tupu kwa mafuta hayo ukaona kasi ndogo, usishangae wala usiilaumu zeolaiti. Na kasi haitafuata daraja la kwanza, ingawa kila molekuli peke yake inaweza kufuata. Zile laini huvunjika mapema, zinabaki sugu, na mchanganyiko mzima unaonekana kama daraja la pili. Weekman na Nace walijenga juu ya hilo modeli yao ya mafungu matatu mwaka 1970. Kwa hiyo pima ugeuzaji gawanya kwa kisichogeuka. Kutoka asilimia 75 hadi 80 kunaonekana ni hatua ndogo. Kwa hesabu hii ni kutoka 3 hadi 4, theluthi moja zaidi. Wauzaji wa vichocheo wanalijua hili vizuri kuliko wanunuzi wengi.

Kipimo cha kawaida cha kulinganisha vichocheo vya FCC, ASTM D3907, hutumia gramu 4 za kichocheo na sekunde 75 za kulisha mafuta. Kichocheo kilekile kinanyeshewa mfululizo, mafuta ya mwisho yanakutana na kichocheo chenye ukoko tayari. Raiza haiko hivyo. Huko kichocheo na mafuta huzeeka pamoja. Vipimo vya namna hii ni vizuri kwa kupanga vichocheo kwa mfuatano, ila hata mfuatano unaweza kupinduka pale difyusheni inapohusika, kwa sababu fuwele inayoziba upesi inaadhibiwa zaidi kwenye sekunde 75 kuliko kwenye 3.

Kuhusu vitundu vya kati, vya nanomita 2 hadi 50 ndani ya fuwele, nina shaka ya afya. Kuichemsha zeolaiti Y kwa mvuke huondoa alumini na kuacha mashimo, na picha za darubini zinavutia. Lakini shimo lililofungiwa katikati ya fuwele halifupishi safari ya molekuli inayotoka nje. Vipimo vya NMR kwenye USY, yaani zeolaiti Y iliyochemshwa hivyo, vimeonyesha mashimo ya aina hiyo yakiwa na mchango mdogo sana. Yanayosaidia ni yale yanayofungukia nje. Mtu akikuonyesha eneo la vitundu vya kati kutoka kwenye kipimo cha naitrojeni, mwombe na kasi ya molekuli kubwa.

La mwisho linahusu kichocheo kipi hasa unakipima. Kipya kutoka kwenye gunia ni kikali kupita kiasi na hakuna raiza inayokiona kwa muda mrefu. Ndani ya mtambo, mvuke wa rijenereta huondoa alumini kwenye kiunzi, vanadi kutoka kwenye mafuta hubomoa fuwele, nikeli hukaa juu ya uso ikitoa hidrojeni na ukoko. Upana wa seli ya fuwele, ulioanzia karibu na nanomita 2.455, hushuka hadi kama 2.425 kwenye kichocheo kilichozoea mtambo, isipokuwa elementi adimu za ardhini ziwe zimeushikilia juu kidogo. Vituo vya asidi vinapungua na kuachana, upokonyaji wa hidridi unapungua, alkeni zinabaki nyingi zaidi, oktani ya petroli inapanda. Na k imeshuka, kwa hiyo namba ya Thiele nayo imeshuka. Kizuizi cha difyusheni ulichokiona kwenye zeolaiti mpya kinaweza kuwa hakipo kabisa kwenye ile iliyochemshwa kwa mvuke wa nyuzi 790 kwa saa kadhaa. Chemsha kwanza, pima upana wa seli kwa eksirei, ndipo ukalinganishe fuwele ndogo na kubwa.